Karatasi Mbele ya Mdomo

Nina tabia moja mbaya, na naijua: nasahihisha Kiswahili cha watu. Mtu akinijia analia kwamba "ng'ombe yangu imeibwa", mimi kwanza nitamwambia ni ng'ombe wangu ameibwa, ndipo nimpe pole. Marehemu baba alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Garissa kutoka pwani nikiwa mtoto wa miaka sita. Alistaafu huko huko, akazikwa huko huko, na urithi aliotuachia ulikuwa cherehani moja na kiburi cha lugha. Cherehani iliharibika zamani.

Nilikua kati ya Wasomali, nikacheza nao, nikasoma nao, nikakijua Kisomali chao mpaka wengine wakasahau kwamba mimi si wa ukoo wowote wao. Lakini Kiswahili nilikiona changu peke yangu katika mji ule. Wenzangu wakitaka kusema p inatoka b, wakitaka v inatoka f, nami nilikuwa nimesimama midomoni mwao kama askari wa kizuizi cha darajani, hapiti mtu bila kukaguliwa.

Haya ninayoyasimulia ni ya miaka ya tisini, mwaka ule wa mvua kubwa iliyokata barabara, na mwaka uliofuata. Ni habari ya gumzo la wanawake watatu, na ni habari ya macho ya mmoja wao, ambayo tungeweza kuyaokoa na hatukuyaokoa. Nalisema mapema ili mtu asije akangoja mwisho mwema.

Tulikutana kila Alhamisi baada ya alasiri katika ua wa rafiki yangu, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Mwalimu akichoka alimwita mbele atusomee, na alisoma bila kukwama, isipokuwa kila p aliyoikuta ukurasani aliigeuza b bila hata kuiomba ruhusa. Sasa alikuwa ameolewa na dereva wa lori la njia ya Wajir na Bute, mtu wa kuonekana mara moja kwa mwezi, na aliishi na mama mkwe wake, bibi wa kutoka Hadado ambaye hakujua Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Wa tatu wetu alikuwa muuza maziwa, aliyetuzidi kwa miaka kumi hivi, aliyeachwa mara mbili na kucheka mara zote mbili. Maziwa yake ya ngamia yalitoka upande wa Balambala kila asubuhi katika majerikeni ya manjano. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na watu walikuwa wameshaacha kuniuliza.

Sheria yetu ilikuwa moja: Alhamisi ni Kiswahili. Aliyeponyokwa na neno la Kisomali aliinuka kupika chai. Aliyeileta sheria hiyo ni rafiki yangu mwenyewe. Alisema amechoka kuwa mtu wa kusoma Kiswahili kizuri na kusema kibaya. Akienda ofisini au hospitalini watu wanamcheka. Basi nikamfundisha p kwa njia niliyoibuni mwenyewe na kujivunia sana. Anashika karatasi mbele ya mdomo, anasema "papai". P ikiwa ya kweli, pumzi inatoka na karatasi inatikisika. Ikiwa ni b, karatasi inalala. Karatasi ya rafiki yangu ililala mwaka mzima.

"Babai," alisema.

"Karatasi imekufa," nilimwambia.

"Abaayo, labda karatasi yako ni ya Kisomali," muuza maziwa alidakia. Abaayo ni dada, na ndivyo tulivyoitana.

Mama mkwe aliketi kwenye mkeka wake mlangoni, tasbihi mkononi, akitusikiliza bila kuelewa neno. Mara kwa mara alituuliza kwa Kisomali, "Nyinyi wasichana, mnasema nini siku nzima?" Nasi tulimjibu, "Mambo ya kawaida tu, eeddo," yaani shangazi, ndivyo tulivyomwita sote watatu. Alitutazama kidogo, kisha akarudi kwenye tasbihi yake.

Na kweli yalikuwa mambo ya kawaida. Tulianza na chakula kwa sababu muuza maziwa hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia mazungumzo. Aliamini kwamba nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaangwa ikakauka na kuwekwa ndani ya samli, inatibu kila ugonjwa isipokuwa mume. Mimi nilitetea wali wa nazi na samaki wa kupaka, nao wakaziba pua.

"Samaki ni nyoka ya maji," muuza maziwa alisema. "Mtu na akili yake anakula nyoka?"

"Na wewe unakula nundu ya ngamia."

"Ngamia ametajwa kwa Kurani. Nyoka yako ametajwa wabi?"

Siku moja rafiki yangu alisema, kwa masikitiko kabisa, "Leo nimeshoma kanzu ya mzee na basi." Nikamuuliza basi hilo lilikuwa linakwenda wapi. Tulicheka mpaka mama mkwe akaja kusimama mlangoni. Tangu siku hiyo kila kitu kilichoharibika kwetu kilikuwa "kimechomwa na basi": wali ulioungua, posa iliyovunjika, hata serikali.

Baada ya chakula zilikuja filamu. Kaka yake muuza maziwa alikuwa na jumba la video karibu na soko, na Jumatano asubuhi aliwafungulia wanawake peke yao. Zilikuwa filamu za Kihindi, ndefu, ambazo hakuna aliyeelewa maneno yake na hakuna aliyekosa kuelewa. Sote watatu tulikwenda nilipokuwa na likizo. Nisipokuwa na likizo, muuza maziwa alinisimulia, naye alichanganya filamu tatu katika moja, mtu aliyezikwa wiki iliyopita akafufuka wiki hii na kuoa. Wakati huo wote mikono ya rafiki yangu ilikuwa ikifuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake: vitambaa vya meza vya uzi mweupe, vyenye maua ya waridi ukingoni, na hakuna ua lililopishana na jingine hata kwa tundu moja. Watu walitoka upande wa pili wa mji kuja kuvitazama.

Mwisho, kabla ya magharibi, kilikuja kitabu. Niliazima maktabani kwa jina langu, naye akatusomea. Mwaka huo kilikuwa riwaya ya binti wa mji wa pwani aliyeachiwa duka la vitambaa na mjomba ambaye hakuwahi kumwona. Tulikipenda. Muuza maziwa, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alimpa huyo binti ushauri kwa sauti, kama kwamba angemsikia.

Sasa nikirudi nyuma naziona dalili zote zimejipanga, na hasira inanipanda. Alianza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe. Alimwaga chai pembeni ya kikombe, tukamwambia mawazo yake yako Bute kwa mumewe. Kwenye video alihamia safu ya mbele, tukamwambia anataka kuolewa na mchezaji. Maua yake ya waridi yakaanza kukosa tundu, kisha kukosa jani zima, na siku moja nilikiokota kitambaa nikakuta ua moja limefumwa juu ya jingine. Nilimwambia amezeeka vibaya. Yeye alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Halafu ikaja Alhamisi ile. Ilikuwa kabla ya mvua, joto la kupasua mawe. Gari la vipaza sauti lilikuwa limepita mchana likitangaza kwamba madaktari wa macho kutoka bara watakuwa hospitali kubwa kwa siku tatu, wenye matatizo waende. Sisi hatukulitilia maanani. Muuza maziwa alikuwa katikati ya filamu ya jana yake, ambamo mke analia kwa miaka mpaka anapofuka, kisha mumewe anarudi, anamwimbia, na macho yanafunguka.

"Mimi ningemwambia asiimbe, alete maji ya kuoga kwanza," alisema muuza maziwa.

Rafiki yangu aliiweka chini sindano yake ya kufumia. Akamtazama mama mkwe mlangoni, kisha akasema polepole, kwa Kiswahili, "Hata mimi. Hata mimi nakuwa kibofu."

Mimi ndiye niliyeuliza kwanza. 

"Unakuwa nini?"

"Kibofu. Bole bole, lakini nakuwa kibofu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Muuza maziwa hakujua kibofu ni nini, nikamwonyesha kwa mkono, chini ya tumbo, mahali mkojo unapokaa. Akapiga yowe. "Abaayo! Kibofu cha nani? Cha ng'ombe ama cha mtu?" Nikasema, "Lete karatasi, leo hatuondoki hapa." Nikararua ukurasa nyuma ya daftari langu la shule, nikamshikisha mbele ya mdomo. "Sema kipofu."

"Kibofu."

"Ki-po-fu. Pumzi itoke."

"Ki-bo-fu."

Karatasi haikutikisika. Akarudia mara tatu au nne, huku sisi tukilia kwa kucheka, na mwisho na yeye akacheka. Kisha akaishusha karatasi mapajani na kusema, "Haya, washa. Nilitaka kusema kitu ingine."

Alitaka kusema "wacha". Nilimjibu, na nayakumbuka maneno yangu kama yalivyotoka: "Kitu kingine."

Hakusema. Alichukua kitabu akatusomea. Madaktari walikaa siku zao tatu wakaondoka.

Mama yangu alikuwa akisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Mimi hakijanifika mpaka leo, macho yangu yanaona mbali kama ya tai, na hilo nalo naliona ni adhabu.

Mvua zikaanza. Wasiokuwapo hawawezi kuamini jinsi nchi ya vumbi inavyoweza kugeuka bahari. Mto Tana ulipanda ukaingia mashambani, barabara ya kwenda bara ikakatika, malori yakalala matopeni wiki na wiki, na Garissa ikawa kisiwa. Unga ulikuja kwa ndege. Mifugo ikaugua, watu wakaugua, ikasemwa nyama isiliwe na maziwa yasinywewe mpaka yachemke sana. Muuza maziwa aliketi na majerikeni yake matupu. Alhamisi zetu hazikukatika, lakini zilibadilika. Tulizungumza chakula ambacho hatukuwa nacho. Jumba la video lilikosa mafuta ya jenereta, tukabaki na filamu za zamani zilizokwisha kusimuliwa mara tano. Mume wa rafiki yangu alikuwa amekwama kule Bute na lori lake, na habari zake zilikuja kwa midomo ya watu.

Kilichobaki kizima ni kitabu. Na kitabu, ajabu, kilikuwa kimeanza kunoga kuliko mwanzo. Yule binti wa pwani aliliuza duka. Akasafiri. Mjomba akapatikana, na kumbe alikuwa na ngamia arobaini.

"Ngamia?" niliuliza. "Huyu mjomba si wa pwani? Ngamia amewatoa wapi?"

"Mwandishi ndio anajua," alisema rafiki yangu, kitabu kikiwa wazi mapajani, uso ameuinua kidogo.

"Nyamaza wewe," muuza maziwa aliniambia. "Mwandishi ameberefuka. Endelea, abaayo."

Kuerevuka, nilimwambia, si kuberefuka. Nikaendelea kusikiliza, na sikio langu la kizuizini likaanza kunasa mambo. "Binti akachukua kitabu yake." "Mji ile ilikuwa mbali." Nilisema haiwezekani mwandishi aliyechapishwa aandike mji ile. Rafiki yangu alisema ndivyo kilivyoandikwa. Nikasema basi aliyekipiga chapa afungwe. Nilimlaumu mwandishi, nikamlaumu mpiga chapa, nikalaumu elimu ya siku hizi. Kwa wiki nyingi nilikaa hatua mbili kutoka kwake nikisahihisha ngeli, na sikuona kwamba hafunui ukurasa.

Maktaba ilituma ujumbe nikirudishe kitabu, muda umepita mno. Nilikichukua Alhamisi moja, naye alisita kunipa, akasema hakijaisha. Nikamwambia nitaazima tena. Usiku wa kuamkia siku ya kukirudisha nilitaka kujua binti ameishia wapi na ngamia wake, nikakifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi mweupe wa kufumia, alama ya mahali alipofika. Kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Sisi tulikuwa tumesikiliza miezi minne.

Nilisoma mbele kutoka hapo. Binti hakuliuza duka. Hakusafiri. Mjomba alikuwa amekufa tangu mwanzo, na katika kitabu kizima hamkuwa na ngamia hata mmoja.

Kesho yake sikwenda shuleni. Nilikwenda kwake asubuhi, siku isiyo yetu. Alikuwa jikoni anamimina chai, kidole chake cha shahada amekitia ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue imefika wapi. Kidole kilikuwa chekundu. Nilisimama pembeni yake, hatua tatu, mchana kweupe, kitabu mkononi.

"Nani?" aliuliza, akigeuza kichwa upande usio wangu.

Nilisema ni mimi. Nikasema nimesoma kitabu. Akaweka birika chini kwa kupapasa, akashusha sauti, na ingawa haikuwa Alhamisi alisema kwa Kiswahili, kwa sababu mama mkwe alikuwa chumba cha pili.

"Herufi nilikuwa naona moja moja. Nikifika mwisho ya neno, mwanzo imeondoka. Nikaona mtakosa hadithi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ile ya kibofu."

Akanieleza yote pale jikoni, bila kunilaumu, na laiti angenilaumu. Aliogopa kusema kwa Kisomali kwa sababu mama mkwe angesikia, na mke asiyeona ni mke wa kurudishwa kwao. Kiswahili kilikuwa pazia lake. Alikuwa amelisikia gari la madaktari, akajua hospitalini watamuuliza maswali kwa Kiswahili na yeye akijibu watamcheka, kwa hiyo alitaka mimi, mwalimu, nimsindikize nikamsemee. Alikuwa amejipanga tangu mchana ule jinsi ya kuliingiza neno hilo kana kwamba ni gumzo tu. Filamu ya muuza maziwa ikamfungulia njia. Neno likatoka, nami nikasikia herufi.

Lingetoka kwa Kisomali ningeruka. Ningemshika mkono tukaenda hospitali hata kabla ya magharibi, najijua. Lakini lilikuja katika lugha yangu, na katika lugha yangu sikuwa rafiki wa mtu.

Barabara ilikuwa bado imekatika. Tulingoja wiki saba. Kila siku nilikwenda kutazama maji pale darajani kama kwamba kuyatazama kungeyapunguza. Malori ya kwanza yalipopita tulipata nafasi katika moja, mimi na yeye, na mama mkwe tulimwambia tunakwenda Kenya kwa harusi ya binamu yangu. Ndivyo watu wetu walivyosema siku hizo, kwenda Kenya, ukivuka tu daraja.

Daktari wa hospitali ya macho kule bara alikuwa kijana mwenye uchovu. Alimpima muda mrefu, akamwangazia taa, akampulizia jicho. Kisha alituambia ni presha ya macho, haiumi, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na ilichokula hairudishi. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na nafasi ya tundu la kitasa. Atampa dawa ya matone ili kuichelewesha.

"Mngemleta mapema," aliniambia mimi, akidhani ni dada yangu.

"Mabema ni lini?" rafiki yangu aliuliza.

"Ulipoanza kugongagonga vitu. Hata miezi sita iliyopita tungekuwa na kitu cha kuokoa."

Alihesabu, niliona midomo yake ikihesabu. Miezi sita nyuma gari la vipaza sauti lilikuwa likipita mtaani kwetu. Hakunigeuzia uso. Alimshukuru daktari, akamuuliza kama ana watoto.

Tulirudi Garissa jioni ya siku ya pili. Mama mkwe alikuwa mkekani pake. Hakuuliza harusi. Alimwambia mkwewe aketi, akamvua viatu kwa mikono yake, akavisogeza kando mahali ambapo hatavikanyaga. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kisomali, "Wamesema nini juu ya macho?"

Nilisimama kama nimepigwa kofi. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu kabla ya mvua," alisema. "Mama yangu aliondoka hivyo hivyo. Najua mtu anavyoshika ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikiondoa vitu njiani kwake kila asubuhi." Akavuta tasbihi yake, punje mbili tatu. "Mimi ni mtu wa ngamia, sijui hospitali. Nikasema wenzake wamesoma. Kila Alhamisi nilipowasikia na Kiswahili chenu, nilidhani ndiyo habari mnayoizungumza. Nilidhani mnatafuta dawa."



Kilichofuata hakina marefu. Tulimwambia muuza maziwa, akacheka kama kawaida yake, halafu akaketi chini akalia, na tangu hapo hakutusimulia filamu tena. Baada ya miezi alihamia kwa binti yake Nairobi. Matone yalikwisha, tukapata mengine, yakakwisha, na kabla ya Ramadhani iliyofuata lile tundu la kitasa nalo lilifungwa. Mume hakumrudisha kwao, mama mkwe alikataa. Alioa mwingine kule Bute, akawa anapita Garissa kusalimia na kuacha sukari. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu wala mtoto, lakini huyo ninaye, na analala kwangu.

Niliendelea kwenda Alhamisi, mimi peke yangu. Gumzo lilikuwa gumu. Chakula alikionja tu, hakukisemea tena. Sindano za kufumia alimpa mtoto wa jirani. Nilijaribu kumsomea, akanisikiliza kwa adabu, na siku moja akaniambia kwamba vitabu vyangu havina ngamia. Nilimwomba anisimulie ile hadithi yake, mpaka mwisho wake. Alisema mwisho hakuwa nao, alikuwa akingoja mvua ziishe ndipo ajue.

Alhamisi ya mwisho ninayotaka kuikumbuka, nilikuwa nimepewa uhamisho na nimekuja kuaga. Mama mkwe alituletea chai, akamwekea mkwewe kikombe mkononi, akaondoka. Rafiki yangu akasema, "Leo ni Alhamisi. Umekuja na karatasi?"

Nilisema hatuna haja ya karatasi.

"Nibe tu."

Nilitoa barua yangu ya uhamisho mfukoni, nikamwekea vidoleni. Akaitafuta pembe yake, akaiinua mbele ya mdomo, akajinyoosha mgongo kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya mwalimu. Alikuwa amejizoeza peke yake, alisema, giza zima la asubuhi. Akavuta pumzi.

"Kibofu," alisema.

Karatasi ililala kama ilivyolala siku zote. Yeye aliielekezea uso, akingoja.

"Imetikisika?" aliniuliza.

Nilimwambia imetikisika.

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali nikamwona anatabasamu. "Angalau hiyo nimebata."